Marehemu Alimeza Mate

"Chukua muvi yako," Mong'ina alisema, akatupa flashi kwa kaunta kama mtu anatupa samaki ameoza.

Ilikuwa Alhamisi, siku ya soko, na mvua ilikuwa imefukuza nusu ya Kisii ikaingia kwa hilo duka la muvi. Kulikuwa na akina mama na magunia ya ndizi, watu wa boda na koti zinachuruzika maji, na mtu mmoja na jogoo kwapani. Duncan, mwenye duka, hakuinua hata macho kutoka kwa kompyuta.

"Muvi hairudishwi, madam. Si kiatu."

"Kiatu ningejaribu kwanza. Si uliniambia hii imeshinda tuzo huko Ulaya?"

"Kwani haikushinda?"

"Ilishinda kulaza watu! Mzee anakunywa chai dakika kumi. Kumi, Duncan! Hakuna mandazi, hakuna mgeni, hata hasemi chai ni moto. Anaangalia tu dirisha. Watu walipiga makofi kwa sababu waliogopa kuonekana hawajaelewa. Mimi nimeelewa vizuri. Hakuna kitu hapo!"

Duka lote likacheka, hata mwenye jogoo. Hapo ndipo Mong'ina akashtuka kwamba watu wanamsikia. Uso ukawaka moto. Alikuwa msichana wa aibu, yule wa kukaa kiti cha nyuma kanisani, lakini muvi mbaya ilikuwa inamtoa aibu yote.

"Na ile ya Nairobi, ya msichana wa mboga?" sauti ikauliza nyuma yake. "Hiyo pia ni takataka?"

Akageuka. Alikuwa kijana mrefu, jaketi ya kijani imefungwa mpaka kidevuni na ndani yake amekumbatia begi ya kamera vile mama anaficha mtoto baridi. Viatu vyake vilikuwa na matope mekundu mpaka kwa kifundo.

"Hiyo wewe usiiguse," Mong'ina akasema, bado anaangalia hayo matope. "Najua kila mtu aliitukana. Picha inatikisika, sauti inapotea, ni kweli. Lakini kuna pahali msichana anaachwa na mpenzi wake, halii. Anaendelea kukata sukuma wiki. Sukuma inaisha, na kisu bado inakata ubao. Hapo nililia mpaka kamasi."

Kijana akashusha zipu ya jaketi mpaka kidevu kikatoka. Halafu akasema polepole, "Nilidhani ni mimi tu niliona hiyo kisu."

Mvua ikaisha, watu wakatoka, na hao wawili wakabaki wamesimama hapo kama wamesahaulika. Duncan akawauliza kama wanataka awaletee viti ama wataenda kunywa chai kama watu wengine.

Wakaenda kunywa chai. Jina la kijana ni Bosire, wa Kemera upande wa Nyamira, na kazi yake ni kushoot video za harusi na matanga. Yeye Mong'ina wa Nyakoe, anauza vitambaa kwa duka la Jashoda hapo mjini. Siku hiyo alikuwa na gauni ya njano aliyojishonea mwenyewe na vipande vya mwisho wa roli, kola nyeupe, mifuko mikubwa. Bosire akamwambia hiyo gauni imefanya mkahawa wote uonekane na giza, kama haujalipa stima. Mong'ina akaficha uso kwa kikombe.

Kitu ambacho hakumwambia ni hiki. Saa ya lunch, ndani ya stoo, katikati ya roli za vitambaa, Mong'ina alikuwa anaweka simu juu ya kopo na kurekodi mikono yake tu ikikata kitambaa, huku akisema maoni yake juu ya muvi. Uso hajawahi kuonyesha. Ukurasa aliuita Mikono Inasema, na watu elfu nane walikuwa wanaufuata bila kujua ni nani. Hata mama yake hakujua.

Na kuna kitu Bosire pia hakumwambia.

Wiki sita zikapita, tamu sana. Kila jioni simu.

"Hakimu wangu, umekula?"

"Nimekula. Wewe?"

"Mimi nakula sauti yako."

"Hiyo line umetoa kwa muvi mbaya, Bosire."

"Basi futa. Nimekumiss. Hiyo je?"

"Hiyo ni fupi. Hiyo napenda."

Siku moja wakiwa Keumbu wanakula mahindi ya kuchoma kando ya barabara, Bosire akachukua flashi ya Mong'ina, akaiweka kwa laptop kwa magoti, akairudisha. "Hapo kuna muvi ya huku kwetu. *Kilio cha Kemera*. Naskia ni kali. Iangalie, utaniambia."

"Ya nani?"

"Ya watu tu," Bosire akasema, akaangalia kando.

Mong'ina akaiangalia. Mwishoni jina la mwenye kazi liliandikwa A.B., basi. Kesho yake saa ya lunch akaingia stoo, akashika makasi, akasema ukweli wake.

"Watu wangu, leo niko na *Kilio cha Kemera*. Kwanza, kijana anakimbia kwa shamba la majani chai, mvua inanyesha, anafika kwa mpenzi wake na viatu vyeupe. Vyeupe! Nyamira hii? Huyo alibebwa mgongoni. Pili, marehemu alimeza mate. Yuko kwa jeneza, watu wanalia, na koo inapanda inashuka. Mimi ningekuwa hapo ningemletea maji. Tatu, na hii imeniuma: mama wa watu amechimbiwa kaburi upande wa wanaume. Mtu wetu yeyote anajua mama hazikwi upande huo wa nyumba. Nani alitengeneza hii muvi, mtalii?"

Kufika saa kumi, video ilikuwa imeingia kila grupu ya Kisii na Nyamira. Watu walikuwa wanajirekodi wamelala wanameza mate. Saa kumi na moja simu ikalia.

"Bosire! Nilikuwa karibu kukupigia, nimeangalia ile..."

"Hiyo sauti naijua, Mong'ina." Hakuwa anacheka. "Nimeskiza mara moja tu nikajua. Ni wewe Mikono Inasema."

Mong'ina akafunga mlango wa stoo. "Ni mimi. Niliona aibu kukwambia."

"Hukuona aibu kuniita mtalii. A.B. ni Abner Bosire. Hiyo muvi ni yangu. Miaka miwili, Mong'ina. Na yule marehemu unataka kumletea maji ni mama yangu."

Mong'ina akakaa chini, juu ya roli ya kitambaa cha pazia.

"Ungeniambia ni yako."

"Ungeniambia mimi kwanza, kabla ya dunia! Tulikuwa tuionyeshe Nyamira, Jumapili ya mwisho wa mwezi. Sasa mwenye ukumbi ananiuliza kama watu watakuja kuangalia ama kucheka. Futa hiyo video, mpenzi. Tafadhali."

Mong'ina akafungua ukurasa wake kwa simu. Hapo aliona kila kitu: akifuta, Bosire anarudi leo leo, na simu ya jioni, na hakimu wangu. Asipofuta, basi. Kidole kilikuwa hapo karibu. Na akajiskia akisema, "Sifuti."

"Umesema?"

"Nikifuta leo kwa sababu nakupenda, kesho nikikwambia kazi yako ni nzuri, utaamini aje? Utajua tu ni mapenzi inaongea. Viatu vilikuwa safi, Bosire. Hilo kaburi ni makosa. Wewe unashoot matanga kila wiki, unajua mama anazikwa wapi!"

"Kuna sababu."

"Gani?"

"Si ya kukwambia."

Simu ikakatwa.

Wiki tatu hakupiga. Mong'ina pia hakupiga, lakini alikuwa anaangalia hiyo simu mpaka Jashoda akamnyang'anya. Jashoda alikuwa mama wa miaka sitini, sari ya samawati na sweta ya kijivu juu yake kwa sababu ya baridi, na alikuwa ameendesha hilo duka tangu Mong'ina hajazaliwa.

"Dikri, binti yangu, umekata mita tatu, mtu ameitisha mbili. Ni yule wa kamera?"

"Si yeye, mama."

"Mimi najua wewe ni Mikono. Hiyo bangili inaonekana kwa video ni mimi nilikununulia, nitaachaje kujua? Mimi naangalia kila siku nikikunywa chai." Jashoda akakunja kitambaa. "Bwana yangu, miaka thelathini nampikia, anasema nzuri, nzuri. Siku moja nilisahau chumvi. Akasema nzuri. Siku hiyo nililia sana. Wewe usifute."

Siku iliyofuata mama mmoja akaingia dukani. Mnene kidogo, kitambaa cheupe kichwani kimefungwa safi, mwavuli mkononi ingawa jua lilikuwa linawaka. Akasimama mbele ya Mong'ina, akaangalia mikono yake kwanza, halafu uso.

"Bwakire," akasalimia.

"Buya, mama. Karibu."

"Ni wewe ulisema nilimeza mate?"

Makasi ikaanguka. Mong'ina alitaka kuingia chini ya kaunta, lakini akainama tu kuiokota. "Ni mimi, mama. Pole sana kama nilikuumiza. Lakini ulimeza."

"Nilimeza!" Mama Bosire akapiga kaunta na mwavuli. "Si nilimwambia? Nikamwambia, Abner, rudia, nimemeza. Akasema, mama, haionekani. Watu wote wakasema haionekani kwa sababu mvua ilikuwa inakuja wanataka kwenda. Wewe peke yako ndiye umenisaidia kuambia huyo mtoto."

Jashoda akacheka mpaka akashika rafu.

Mama Bosire akainama karibu, sauti ikashuka. "Sasa hiyo ya kaburi. Hiyo usimlaumu. Ni mimi. Mimi ni shemasi kanisani, na hivyo vitu vya kuogopa ogopa siviamini. Nafundisha hata watoto wasiviamini. Lakini walipokuja na majembe wachimbe pale pangu kabisa, pale nitakuja kulala, magoti yalikataa. Nikamwambia chimba upande wa wanaume, ama utafute maiti mwingine. Kifo kikija kitafute mtu wake, kikose, kirudi. Abner akaapa hatasema, kwa sababu kanisa lote lingenicheka. Ameona afadhali aitwe mtalii."

Mong'ina akaweka makasi chini. Wiki tatu alikuwa amekasirikia mtu ambaye alikuwa amenyamaza kwa ajili ya mama yake.

"Jumapili wanaonyesha," Mama Bosire akasema. "Nimeambia mwenye ukumbi wakija kucheka, ni sawa, wacheke wakiwa wameketi. Ukuje. Na unipimie hapo mita tatu ya hiyo ya maua."

Jumapili mchana ukumbi wa Nyamira ulijaa mpaka watu wakasimama kwa madirisha. Mong'ina alivaa gauni nyekundu, mpya, mabega imesimama, kwa sababu akiwa na woga alikuwa anapenda rangi imtangulie. Akakaa nyuma. Muvi ikaisha. Watu walicheka pale kwa mate, lakini walilia pia, enyewe walilia. Bosire akapanda mbele na maikrofoni, suti ya kijivu imemkaa vizuri, macho yamechoka.

"Maswali?"

"Wapi yule wa Mikono?" mtu akapiga kelele. "Aseme hapa kama ana nguvu!"

Watu wakaanza kupiga viti. Mong'ina angekaa tu, hakuna mtu angejua. Akasimama. Mara ya kwanza dunia iliona uso wake, ulikuwa umejaa jasho.

"Ni mimi. Na sijabadilisha. Viatu ni visafi. Mate ilimezwa." Kicheko. Akangoja kiishe, anamwangalia Bosire peke yake. "Kaburi liko pahali pabaya. Sasa nimejua sababu, lakini si yangu kusema. Nasema tu A.B. hakukosea kwa ujinga. Mtalii nilimwita bure, na hiyo naomba msamaha."

"Sababu gani?" watu wakanguruma. "Sema!"

"Hasemi!" Kitambaa cheupe kikainuka katikati ya safu ya mbele. "Nitasema mwenyewe. Niliogopa! Mimi shemasi wenu niliogopa shimo langu, nikawapeleka wachimbe kwa wanaume. Mwenye anaweza kuangalia lake likichimbwa asimame hapa anicheke."

Hakuna aliyesimama. Bibi mmoja mzee kwa dirisha akaanza kupiga makofi, na ukumbi wote ukamfuata.

Mong'ina hakuwa amemaliza. "Umeona, Bosire?" akapaza sauti juu ya makofi. "Hiyo ndiyo muvi! Mama anaambiwa aigize amekufa, anakataa kuchimbiwa kaburi pale pake. Ulikuwa nayo hapo nyumbani kwenu, ukatuletea kijana wa viatu vyeupe!"

Bosire akaweka maikrofoni chini.

Bosire alimpata Mong'ina nje, kando ya ukuta, watu wakipita na kuwaangalia bila haya.

"Umenimaliza mara mbili," akasema.

"Najua."

"Mara ya pili mbele ya mama yangu."

"Mama yako ako upande wangu."

Akacheka, akafuta macho na mkono wa suti. "Nilikuwa na hasira, Mong'ina. Halafu watu wakaanza kuniambia pole, ni nzuri, ni nzuri sana. Kila mtu. Nikajiskia niko peke yangu kabisa. Nilitaka kukupigia uniambie ni mbaya wapi."

"Ungepiga. Nilikuwa na orodha."

"Sasa kila siku itakuwa hivi? Kila kitu nikifanya?"

"Kila kitu."

"Mbele ya watu?"

"Nyumbani kwanza, hiyo nimejifunza. Halafu mbele ya watu."

Akamshika mkono, ule wa bangili, akauangalia kama hajawahi kuuona. "Na nikituma wazee kwenu Nyakoe mwezi ujao, utawakosoa pia?"

Mong'ina akainua kidevu juu. Macho yalikuwa yamejaa machozi na hakutaka kuyafuta.

"Watume," akasema. "Lakini video sifuti."

"Nani amekuomba?"