Neno la Upande wa Chini

Sabaha na Hafidhi walikutana Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, kwenye duka la vifaa vya umeme, watu wamejaa hadi mlangoni. Hafidhi, shati lake jeupe la ofisi ya bandarini limelowa jasho, alikuwa akiulizia kidhibiti joto cha mashine yake ya kutotolea vifaranga.

"Hicho kitakuchemshia mayai, kaka," Sabaha alimwambia. "Nitakutengenezea kingine."

Alikuwa fundi mtaa wa Gerezani, dera lake la maua limetoboka kwa cheche. Bodi za umeme alizitengeneza mwenyewe: shaba juu, shaba chini, na kwenye kila tundu kipande cha waya cha kuziunganisha, kilichochomelewa kwa risasi pande zote mbili. Hafidhi akawa anakuja kutazama kazi, kisha akawa anakuja kumtazama fundi. Siku moja akauliza, "Nikileta barua ya posa kwenu, utakubali?"

"Una haraka wewe, mpenzi," Sabaha alicheka. "Jibu litakuja na kazi."

Kazi ikaisha, bodi ikaenda kwa Hafidhi. Hafidhi akashukuru kwa simu, akanyamaza. Simu zikawa za salamu, kisha hata salamu zikakoma, na kwa vile kila mmoja ana kiburi chake, hakuna aliyeuliza. Miezi minne ilipopita Sabaha alikuwa halii wala hakasiriki. Moyo ulikuwa umekufa ganzi. Alikula, alichomelea, aliunguza vidole, na yote kwake yalikuwa mamoja.

Mchana mmoja Hafidhi akaingia na ile bodi mkononi.

"Mambo?"

"Poa."

"Imezima."

Sabaha aliikagua. Tundu moja lilikuwa limechomelewa chini, juu limesahauliwa. "Kosa langu," alisema. Kisha akaigeuza. "Na hapa hukuona kitu?"

"Niliona. Niliifungua siku ile ile nikitafuta kikaratasi chako. Nikakuta maandishi ya Kirusi."

Sabaha akaangalia tena. Mchoro wa upande wa chini lazima ugeuzwe kabla ya kuchapwa. Njia zote za shaba alizigeuza, neno la jibu lake akalisahau, na macho yake yaliyozoea kusoma kinyume hayakugundua. Akatoa kioo chake cha kupakia wanja, akakiweka mbele ya bodi.

NDIYO.

Hafidhi akatoa simu. "Shikamoo mama. Ile barua ya posa ya Ijumaa, ya kwa kina Nasreen, usiipeleke. Nitakueleza nikirudi."

Akamgeukia Sabaha. "Sema basi, mpenzi."

"Sisikii kitu, Hafidhi. Si furaha, si hasira. Nilisubiri mpaka nikaisha."

"Sasa zamu yangu kusubiri."

Sabaha alishika chuma, akalichomelea lile tundu upande wa juu, na kidole kikagusa ncha ya moto. Kiliuma. Kiliuma kweli, machozi yakamtoka, na yalipoanza hayakuwa ya kidole tena.

"Kesho," alisema huku akinyonya kidole. "Njoo na mshenga. Na barua iwe ya karatasi."