Posho ya Tawakal na Banio la Mto

Zamani, kila mwaka theluji ya milimani ilipoanza kuyeyuka, wanaume wa kijiji cha Dara-i-Sang walishuka mtoni kujenga banio. Walipanga mawe, wakashindilia matawi na udongo, mpaka maji yakageuka na kuingia mferejini. Kila nyumba ilitoa mtu. Kazi hiyo waliiita hashari, na hakuna aliyelipwa. Walitaniana kutwa nzima, wakarudi makwao wamelowa chapachapa.

Halafu ukaja mradi mmoja uliomlipa posho kila aliyeshika sepetu. Mradi ukaondoka. Hamu ya posho ikabaki.

Tawakal alikuwa na shamba la ngano mwisho kabisa wa mfereji. Pembeni yake palikuwa na miforosadi aliyoachiwa na baba yake; matunda yake yaliyokaushwa waliyala kwa mkate. Siku Injinia Inayat alipokuja msikitini kuzungumza na wakulima, Tawakal alikaa mbele.

"Banio lenu la matawi huzolewa kila mwaka," alisema Inayat. "Mfuko wa maendeleo utaleta saruji, mtambo na nyavu za waya. Tutajaza mawe ndani ya nyavu, banio lishike. Ninyi mtatoa mawe na nguvu zenu. Na kila mavuno, kila nyumba itaweka akiba ya ngano kwa ajili ya matengenezo."

"Na posho?" aliuliza Tawakal.

"Posho hakuna, kaka."

"Basi wabebe mawe hao wa juu, wanaokunywa kwanza! Sisi wa mkiani tunaletewa makombo, halafu tuvunjike migongo bure? Thubutu!"

Watu wakacheka na kushangilia. Mirabu Yolchi, mgawa maji wa kijiji, hakucheka.

"Tawakal, ndugu yangu, maji yakipungua, wa kwanza kukosa ni nani?"

"Si wewe mgawa maji, mzee? Utagawa!"

Wakacheka tena. Inayat alifunga mkoba wake akaondoka. Fedha zikapelekwa bonde jingine.

Mwaka ule hata banio la matawi halikujengwa sawasawa. Kila mtu alingoja mwenzake, na wote walingoja posho. Mto ukafura, ukalizoa. Ulipotulia, maji yalipita chini, mbali na mdomo wa mfereji. Wa juu walipata matone. Tawakal hakupata kitu.

"Baba Firuz," mkewe Gulandam alimwita shambani, "ngano hii imekauka kabla haijabeba masuke."

"Nimeiona."

"Umeiona, sawa. Tutakula nini?"

Firuz, mtoto wao wa pekee, alivuka mpaka kwenda Iran kubeba zege. Baridi ilipokaza, unga ulikwisha. Tawakal akawauzia maseremala miforosadi yote. Msumeno ulipoanza kulia, Gulandam alijifunika shali usoni, akalia kwa sauti. Tawakal alisimama nje mpaka mti wa mwisho ukaanguka. Alijichukia.

Jioni ile alikwenda kwa Mirabu Yolchi.

"Mzee, nimekwisha. Mdomo wangu huu ndio umeniponza."

Mirabu alimmiminia chai. "Si wewe peke yako. Tulikushangilia. Sasa nisikilize. Mimi mnanilipa kwa kitu gani?"

"Kwa ngano, baada ya mavuno. Kila nyumba kwa kadiri ya zamu yake ya maji."

"Basi na banio lilipiwe vivyo hivyo. Mwenye zamu ndefu atoe ngano nyingi na watu wengi. Wa juu hatamnyonya wa chini. Mfuko hautoi fedha zake kwa watu wasiotoa chochote, maana wakishaondoka, nani atalitunza?"

Ijumaa iliyofuata Tawakal alisimama msikitini akayaeleza hayo.

"Lo! Bwana Posho leo hataki posho?" mtu alimkejeli.

"Nichekeni tu. Nilistahili. Lakini kesho nabeba mawe. Anayetaka aje."

Walikuja wachache, kisha wengi, wa juu na wa chini. Inayat alipoitwa alisema, "Fedha zile hazipo tena. Itabidi mngoje." Wakangoja mwaka mzima mwingine, mwaka wa mkate mkavu na chai isiyo na sukari. Rundo la mawe lilikuwa tayari, na akiba ya kwanza ya ngano, ingawa ilikuwa ndogo, ilifungiwa katika chumba cha msikiti. Mfuko ukaridhika. Banio likajengwa.

Mto ulifura tena. Banio likashika. Nyavu mbili zilizopasuka zilitengenezwa wiki ileile kwa akiba ya ngano, bila kumngoja mtu wa nje. Maji yakafika mpaka shamba la Tawakal, na ngano ikabeba.

Siku ya mavuno Tawakal aliipeleka kwanza ngano ya banio, kabla ya kujaza ghala lake. Alikuwa amekaa ukingoni mwa mfereji Firuz alipopiga simu.

"Sikiliza," Tawakal alisema, akaishusha simu karibu na maji.

"Baba, hayo ni maji? Yamefika kwetu?"

"Yamefika, mwanangu. Rudi nyumbani."

"Nina deni la watu walionivusha. Bado sana." Kisha Firuz akauliza, "Miforosadi je, imepata maji? Kila nikila mkate wa huku naikumbuka."

Tawakal alivitazama visiki. Maji yalikuwa yamevizunguka vyote.

"Imepata," alisema.