Redio ya Kusikiliza Tu

Norman simwamini. Mtu wa Nairobi akupe kitu bure, jiulize kwanza.

Ilikuwa 2009, Jumapili mchana, nimeenda Kileleshwa kwa dadangu Nyakio. Mumewe, Gichuru, alikuwa mwanachama wa klabu ya wale wapenda redio wanaoongea na watu wa mbali. Norman, mwenzake klabuni, alikuwa amempa kisanduku cha mwanachama aliyefariki, mzee Awiti. Unakichomeka kwenye kompyuta, nayo inafanya kazi yote: mawimbi yanashuka kwenye skrini kama mvua, kila kituo na mstari wake, na yote yanarekodiwa. Chai ikipoa, shemeji akatueleza kwamba hiki ni cha kusikiliza tu. Hakirushi sauti.

Mstari mmoja ulikuwa mnene kupita yote. Alishuku ni kelele za kompyuta yenyewe, akafanya wanavyofanya watu wa redio: akachomoa waya wa antena; cha hewani hufutika, cha kompyuta hubaki. Mistari yote ikafutika. Ule ukabaki.

Akaubonyeza. Sauti ya mzee ikataja namba ya leseni yake, ile wanayoitana nayo hewani.

"Ni Awiti," Gichuru akanong'ona.

Kwetu tulikatazwa tangu utotoni: ukiitwa na usiyemwona, nyamaza. Gichuru alijua hivyo. Lakini mtu wa redio akiitwa huitika, ni mazoea. Akaitika kwa mdomo tu, hana hata maikrofoni.

"Nakusikia vizuri," sauti ikajibu. "Sogea."

Nikang'oa waya wa umeme. Gichuru alicheka, akasema ni Norman anatuchezea. Nilitaka sana iwe hivyo. Jumatano asubuhi Gichuru hakuamka.

Baada ya mazishi Norman alikuja akikitaka kile kisanduku. Nilimuuliza ni cha nini, akasema tu nimpe. Nikamfungia mlango.

Nyakio naye alitaka kusikia sauti ya mumewe mara moja tu. Nilimkatalia siku mbili. Alilia mpaka nikashindwa, tukafungua rekodi. Tulisikia mwito. Tukamsikia akiitika. Ilipaswa kuishia pale nilipong'oa waya.

Haikuishia.

Kimya. Pumzi. Kisha Gichuru, polepole, kwa ile sauti ya kumwamsha mkewe.

"Nyakio."

Niliruka nimzibe mdomo. Alikuwa ameshaitika.

Nikazima kompyuta, nikang'oa kila waya. Dadangu alikuwa ametulia, anatabasamu, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Kwenye skrini iliyozimwa kulikuwa na mistari miwili, imekaribiana. Kando ya hiyo, wa tatu ulikuwa ukianza kushuka.