Gari la Kijani la Fundi Kioo

Jamani, hebu nisikilizeni, na mwenye haraka akae chini kidogo. Haya ninayosimulia yalitokea kwa watu wa kazi, watu wa heshima zao, si walevi wala wavivu. Mume wa nyumba hiyo angekuwa mlevi ningemwelewa. Huyu hakuwahi kunywa kitu kikali kuliko chai, na ndiyo maana mpaka leo bado nina hasira naye.

Tulimwita Fundi Kioo. Kazi yake ilikuwa kunyoosha bodi za magari na kuzipiga rangi, na gari likitoka mikononi mwake ungeweza kujitazama mlangoni ukanyoa ndevu. Gereji yake ilikuwa uwanja wa nyumba yake mwenyewe. Mkewe, fundi cherehani, aliweka mashine yake barazani, akishona sare za shule na mapazia, na mara nyingine vitambaa vya viti vya magari ya mumewe. Alasiri huku cherehani inalia, huku msasa unakwaruza, na wawili hao wanatupiana maneno ya utani kama vijana waliooana juzi. Binti yao alikuwa msusi, ana saluni yake ndogo ng'ambo ya barabara, na chakula cha mchana aliwafuata pale pale. Ilikuwa nyumba unayopita ukatamani kukaribishwa, na ukikaa kidogo unakaribishwa kweli.

Siku moja mke alimimina chai, chai ikapita kando ya kikombe ikamwagika mkekani.

"Mama, siku hizi unawanywesha siafu?" mumewe akamtania.

Mke akacheka. Kisha akaacha kucheka, akasema kwamba kwa muda sasa anatunga uzi kwenye sindano kwa kubahatisha, na kwamba watu wakimjia kwa pembeni anawaona ghafla tu mbele yake, kama wameanguka kutoka juu. Hakuwa amesema kwa sababu hakutaka kuwasumbua. Wanawake wetu hawa, kutosumbua watu kutawamaliza.

Binti alimpeleka hospitali siku iliyofuata. Daktari alisema ni presha ya macho, tena imekwisha kula sehemu kubwa ya kuona kwake. Alieleza bila kuficha kwamba kilichopotea hakirudi, ila kilichobaki kinaweza kuokolewa kwa upasuaji, na upasuaji wenyewe usichelewe. Akamwandikia dawa ya matone ya kutia kila siku wakati wanatafuta gharama. Na gharama yenyewe, loo, hata wangeuza cherehani, kompresa na viti vya saluni, wasingefika nusu.

Ndipo binti akalikumbuka gari.

Nyuma ya gereji, chini ya turubai, palikuwa na gari la zamani la michezo, la watu wawili tu, boneti ndefu, taa za mviringo, rangi ya kijani iliyopauka. Mkandarasi mmoja mzee alilileta kupigwa rangi enzi zile, halafu akahama na kumwachia fundi kama zawadi, pamoja na hati zake zote. Fundi hakupata nafasi ya kuligusa. Tairi zilikuwa zimeisha upepo, ngozi ya viti imepasuka, na kuku mmoja alikuwa akitagia upande wa abiria. Binti alilipiga picha kwa simu, akaziweka mtandaoni, na haikuchukua muda akapatikana mama mmoja mthamini wa magari ya kale aliyekubali kuja.

Mama yule alikuja na ovaroli ndani ya mkoba. Alimtoa kuku kwa adabu, akalala chini ya gari na tochi, akasoma namba iliyogongwa kwenye chesisi, akailinganisha na ya injini na ya kwenye hati. Akachukua sumaku iliyofungwa kitambaa akaipitisha taratibu kwenye bodi nzima, kila mahali ikanasa, maana chini ya rangi palikuwa na chuma kitupu bila puti, ule udongo wa kuzibia mabonde ambao sumaku haiushiki. Alitazama mpaka nyuzi za viti na alama ndogo kwenye vioo. Fundi Kioo alimfuata nyuma akiomba radhi kwa kila bonde na kila kutu, kama mwenye nyumba aliyevamiwa na wageni hajafagia.

"Usiombe radhi," mthamini akamwambia. "Gari hili halijaguswa tangu litoke kiwandani, na hiyo ndiyo thamani yake. Wanaoyapenda haya wanayataka hivi hivi."

Akatoa kadirio lake. Binti alikaa chini. Pesa ile ingetosha upasuaji wa macho yote mawili, ikabaki ya kujenga gereji ya maana. Mke akashika kifua, machozi yakamtoka kwa furaha. Na hapo, ndugu zangu, hadithi ingeisha, kila mtu akaenda zake, kama si swali moja la yule bwana.

"Na likipigwa rangi, likang'aa?"

Mthamini akamjibu kwa uaminifu. Yapo magari ya aina hii yaliyofufuliwa na mafundi maalumu, kwa vipuri vyake halisi, kwa miaka kadhaa, yakauzwa mara tano ya kadirio lile, ingawa gharama ya kuyafufua nayo karibu inalingana na bei. Akaongeza kwamba likifanyiwa kazi ya kawaida ya gereji, bei inaanguka vibaya sana. Alisema yote hayo kwa Kiswahili chepesi, tena mara mbili. Fundi Kioo alisikia "mara tano." Mengine yalipita.

Mnunuzi alikuja wiki ile ile, mzee mpole mwenye miwani, mkusanyaji wa magari ya namna hiyo. Alilizunguka, akatabasamu, akataja bei iliyozidi kidogo ile ya mthamini. Fundi akasema atafikiria. Mnunuzi akasema hana haraka, anasafiri, atapita tena akirudi.

Alipoondoka, binti alikuwa amepandwa na hasira. Alimwambia baba yake kwamba hapo hapakuwa na la kufikiria. Fundi akamtuliza kwa sauti ya mtu anayejua mambo. Je, hamuoni kwamba yule mthamini na yule mnunuzi wanajuana? Tangu lini kutu ikawa mali? Kama mtu anatoa fedha nyingi hivyo kwa gari bovu, atatoa ngapi likimwakia machoni? Yeye maisha yake yote amelipwa kwa kuondoa kutu, na leo mwanamke na tochi yake anamwambia kutu isiguswe. Hilo lilimuuma, nasema kweli. Tamaa ilikuwepo, lakini chini yake palikuwa na majivuno ya ufundi, na hivi viwili vikikutana kwenye kichwa cha mtu mmoja hakuna atakayeingiza neno.

"Mzee," mkewe akamwambia, "mimi nataka macho. Sitaki bei."

"Nivumilie kidogo tu, mama. Nitakupeleka hospitali ambayo hata mawaziri wanaiota."

Akavumilia. Angefanya nini? Alikuwa amemwamini mtu huyu tangu ujana wake, na hajawahi kumdanganya.

Fundi alikataa kazi za wateja akabaki na gari lake. Alikwangua rangi ya kijani mpaka chuma. Penye bonde alijaza puti, penye kutu alisaga na mashine, na namba ile ya kwenye chesisi, kwa kuwa ilikuwa imezungukwa na kutu, aliisaga ikawa laini, akaipaka puti, akaisawazisha vizuri sana. Injini ilikuwa imekamata, haizunguki tena, akaitoa akaiuza chuma chakavu, akaweka ya gari jingine iliyokuwa inanguruma safi. Kila jioni alisimama akatazama kazi yake na roho yake ikaridhika.

Pesa za kazi hiyo zilitoka wapi? Wateja hakuwa nao. Siku moja binti alishika ile chupa ya dawa ya mama yake akaiona nyepesi. Akamuuliza, na mama akajikunyata akasema ilikwisha siku nyingi, na baba yako alisema tusubiri, kwa sababu hadna ya rangi imepanda bei. Hadna ni ile dawa ya kukausha rangi. Binti alivuka barabara, akauza kikaushio chake cha nywele, akarudi na chupa mpya. Hakumsemesha baba yake kwa muda mrefu baada ya hapo.

Lakini lililonikaa kooni ni la viti. Fundi alizing'oa zile ngozi za zamani akazichoma moto nyuma ya nyumba, kisha akamletea mkewe kitambaa kipya ashone vingine. Mkewe, huyo huyo. Akamwekea cherehani pale penye mwanga, akamwambia wewe ndiye ninayekuamini, hakuna fundi mwingine atakayenishonea. Na mwanamke yule akafurahi kutakiwa. Alishona ameinamisha uso mpaka karibu na sindano, akipima mshono kwa vidole, sindano ikamdunga, akafuta damu asije akachafua kitambaa, akaendelea. Alipomaliza kiti cha pili alimwambia binti yake kwamba mchana wa leo una ukungu. Nje jua lilikuwa linawaka.

Tangu siku ile ukungu haukuondoka. Walimkimbiza kwa daktari yule yule. Alimpima muda mrefu, akazima taa yake ndogo, akauliza kwa upole kwa nini walikawia hivyo. Binti alimtazama baba yake. Fundi alitazama sakafu. Daktari akasema hakuna tena cha kuokoa.

Wapo watu ambao hapo wangeanguka. Fundi Kioo alijipa moyo kwamba angalau atauza, amtunze mkewe kama malkia. Kwa hiyo mnunuzi aliporudi kutoka safarini alikuta gari limeoshwa, jekundu, linawaka kama limetoka dukani jana. Mzee wa watu alisimama getini, hakuingia mara moja. Kisha akaingia, akatoa sumaku yake mfukoni, akaiweka mlangoni. Ikaanguka. Akaiokota akaiweka ubavuni, ikaanguka tena. Akachuchumaa kutafuta namba, akapapasa, hakukuta kitu. Akafunua boneti, akaifunga.

"Injini yake iko wapi?"

Fundi akamweleza, kwa fahari kidogo, kwamba hii ya sasa ni bora zaidi. Mnunuzi akavua miwani.

"Kazi yako ni safi, fundi. Sijaona rangi nzuri namna hii. Lakini gari nililokuja kununua halipo."

Alimpa mkono, akaondoka. Fundi alimpigia simu mthamini, na mthamini akamwambia kwamba gari lisilo na namba wala injini yake hana namna ya kulikadiria, wala hakuna atakayeweza. Baadaye lilichukuliwa na kijana wa kukodisha magari ya maharusi, kwa bei ambayo haikurudisha hata gharama ya rangi.

Ila kabla halijachukuliwa, mkewe aliomba apelekwe aliguse. Fundi alimshika mkono, wakapita katikati ya makopo mpaka pale. Mwanamke akaweka kiganja juu ya boneti, akakipitisha taratibu mpaka kwenye taa, kama anavyopima kitambaa.

"Laini," akasema. "Umelipiga rangi gani, mzee?"

"Nyekundu."

Mkono wake ukaendelea kupapasa boneti.

"Mimi naliona la kijani."

Hakulisema kwa hasira, na hakumlaumu mumewe, siku ile wala baadaye. Fundi Kioo alikaa chini penye vumbi, akalia kwa sauti mpaka binti akavuka barabara kuja kutazama kuna nini.

FUNZO

Sitaki mtu aondoke hapa akisema hadithi hii ni ya magari. Kadirio si fedha, jamani. Ni neno la mtu aliyetazama kitu akasema kinaweza kuleta kiasi fulani, na ukikataa kilichopo mkononi kwa ajili ya kinachoweza kuja, hakikisha anayengoja ni wewe mwenyewe, si mgonjwa wako. Shamba linangoja bei, kiwanja kinangoja, hata gari lingeweza kungoja chini ya turubai na kuku wake. Jicho halingoji. Tena ukimwita mjuzi, msikilize mpaka mwisho, na hasa akifika pale usipopapenda. Ufundi wako wa miaka mingi haukufanyi uwe mjuzi wa kila kitu.

Na ninyi mnaoona mambo hayaendi mkakaa kimya msisumbue watu, sumbueni. Macho yakianza kupungua upande, nendeni hospitali mapema, msisubiri chai imwagike.

Kama leo nyumbani kwako kuna mtu umemwambia akuvumilie kidogo mpaka kitu fulani kipate bei nzuri, acha kunisikiliza mimi. Nenda ukamuulize hali yake, na safari hii ngoja akujibu.