Klachi ya Gari la Mzee Jotham

Siku ya soko Kitale, mwaka wa hamsini na mbili, gari la Mzee Jotham wa Bungoma lilikwama mlimani katikati ya watu. Lilinguruma lakini halikwenda. Nasambu, bintiye, alishuka na gauni lake la maua, akaziba pua kwa leso. Kitu kilikuwa kinaungua.

Fundi wa gereji ya karibu, Wekoye wa Matulo, alivuta breki ya mkono, akatia gia ya juu, akaachilia klachi polepole. Injini ilipaswa kuzimika. Haikuzimika.

"Diski ya klachi imelika, mzee. Injini inazunguka peke yake."

"Na ulijua kwa kunusa tu?" Nasambu akamtania.

"Nimenusa mengi leo. Hata sabuni yako."

Gari likavutwa hadi nyumbani Bungoma, na diski mpya ikachukua miezi miwili kufika Kitale. Nasambu alikuwa akitumwa kuiulizia, na kwa kuulizia huko wakapendana, hata posa ikapokelewa. Tangu hapo, Wekoye akimwona Mama Peris, mamake Nasambu, alipinda njia. Kwa Wabukusu mkwe hamgusi mama mkwe wake, wala hakai naye mahali pamoja.

Diski ilipofika, Wekoye alikuja Bungoma, akashusha giaboksi uani kwa Jotham, na Peris akajifungia jikoni. Nasambu alikuwa akimpa fundi spana. Diski mpya ilikuwa imekwisha kufungwa na giaboksi kurudishwa waliposikia kishindo jikoni. Mama alikuwa ameanguka, hasemi. Nasambu alijaribu kumwinua, akashindwa. Jotham alikuwa safarini Lwakhakha, mpakani.

"Mbebe, Wekoye. Nakuomba kwa jina la Bwana."

"Unajua unaniomba nini?"

"Najua. Mbebe."

Alimbeba kifuani. Klachi mpya ikashika barabara, hospitali wakafika, na Mungu akamrudisha Peris.

Jumapili baada ya ibada wazee wa ukoo walikaa kikao. Walimshukuru Wekoye sana, kisha wakasema aliyemkumbatia mama hawezi tena kumwoa binti. Nasambu akasema kosa ni lake, yeye ndiye aliyeomba. Peris, macho yamelowa, akamwonyesha Wekoye kigoda kando yake.

"Kaa hapa karibu, mwanangu. Sina jina lingine la kukuita."

Wekoye akakaa.

Jioni Nasambu alimsindikiza mpaka barabarani, amembebea mfuko wa spana.

"Ningeomba tena," alisema.

"Nami ningembeba tena." Akaupokea mfuko bila kugusa vidole vyake. "Rudi nyumbani, dada. Mama asikae peke yake."