Kurasa Alizoruka Kasuku

Kila siku Kasuku akitoka shule mambo yalikuwa yale yale. Anavua viatu mlangoni, anakunywa maji kikombe kizima bila kupumua, halafu anasikia sauti ya dada yake kutoka chumbani.

"Redio imefika? Haya, washa! Leo tuna bega zima."

Majirani ndio waliompa jina la Kasuku, maana alianza kusema kabla hajaota meno, na sasa yuko darasa la sita bado hajanyamaza. Shuleni kukiwa na shairi la kusoma mbele ya wageni, ni yeye. Kukiwa na tangazo, ni yeye. Basi Dada alipohitaji mtu wa kumsomea, nani mwingine?

Dada alikuwa haoni. Aliugua macho akiwa darasa la pili, yakafifia kidogo kidogo mpaka nuru ikazimika kabisa. Lakini huyo Dada, jamani! Akili kama wembe. Alimaliza sekondari kwa maandishi ya nukta nundu, yale yanayosomwa kwa kupapasa, na sasa alitaka kusomea tiba ya viungo, awasaidie watu waliovunjika na waliopooza wasimame tena. Mwalimu aliyemfundisha nukta nundu ndiye aliyeleta habari: chuo kilikuwa na nafasi mbili kwa vijana wenye ulemavu, masomo na chumba bila malipo. Mbili tu, na waombaji tele! Mtihani wa kuingia ulikuwa wa mdomo na wa mikono. Bila nafasi hiyo, Mama, ambaye ni msusi, angesuka vichwa vya mji mzima na ada isingetimia.

Kitabu cha kujiandalia kilikuwepo, kinene kama tofali, ila kwa maandishi ya kawaida tu. Kwa hiyo Kasuku alisoma, na Dada alisikiliza huku akipapasa mwili wake mwenyewe au wa Kasuku, akifuata kila mfupa na kila msuli.

"Usinitekenye!"

"Tulia, wewe ni mgonjwa wangu."

"Mgonjwa gani anacheka?"

"Aliyepona. Endelea."

Wiki ya kwanza ilikwenda vizuri. Kisha maneno magumu yakaanza kujitokeza. Siku moja, kwenye orodha ya mifupa yote, Kasuku akakumbana na neno kilegesambwa, ndiyo ile pia ya goti. "Kile... kilege... kilemba..." Dada akacheka. Lilikuwa cheko la upendo tu, lakini lilimchoma Kasuku kama mwiba. Yeye, msomaji wa shule nzima, achekwe? Kesho yake alipoona neno refu linamjia, akaliruka. Hakuna aliyejua! Akaruka sentensi. Akaruka aya. Juu ya hayo, rafiki yake Mbio, msichana asiyejua kutembea bila kukimbia, akawa anamfuata dirishani kila jioni.

"Kasuku, timu imepungukiwa! Utazeeka humo ndani na mifupa yako?"

"Nakuja, zimebaki kurasa mbili."

Wapi! Ilikuwa imebaki sura nzima.

Ukiruka ukurasa, unaacha shimo. Kasuku akawa anayaziba mashimo kwa maneno yake mwenyewe, kwa sauti nzito ya kitabuni. "Kigasha ni sehemu ya mkono iliyo kati ya kiwiko na kiganja," alisoma siku hiyo, na hilo lilikuwa kweli. Kisha akasikia Mbio anapiga mluzi nje. Akafunga kitabu taratibu, akaendelea: "Kina mifupa miwili. Mifupa hiyo imelala sambamba kama reli, imeshikana, wala haisogei."

Dada akashika mkono wake mwenyewe. Akageuza kiganja juu, akageuza chini. Akakunja uso.

"Rudia hapo."

"Haisogei," Kasuku akasema. "Ndivyo walivyoandika."

"Haya," Dada akajibu polepole. "Kama wameandika."

Ilipofika Ijumaa, siku chache tu baadaye, mtihani ukiwa Jumatatu, Kasuku alirudi akavua viatu, lakini hakuna aliyemwita. Mkoba wa Mama ulikuwa mezani. Mama, nyumbani saa hizi, Ijumaa, siku ambayo saluni hujaa mpaka kizingitini? Akasogea mlango wa chumbani, akasimama.

"Siendi, Mama," Dada alikuwa akisema. "Mwambie Mwalimu asihangaike tena. Nafasi wapewe wenzangu."

"Mwanangu, unaumwa?"

"Vidole vyangu vinanidanganya."

"Vidole?"

"Kitabu kinasema hivi, mimi nashika vile. Mifupa ya kigasha, kitabu kinasema haisogei. Mimi nasikia mmoja unapanda juu ya mwenzake. Shingo ni hivyo hivyo. Bega ni hivyo hivyo. Nimejipapasa mpaka ngozi imechubuka. Nikasema labda mwili wangu tu ndio mbovu, nikakushika wewe, nikakuta yale yale." Sauti yake ikakatika. "Mama, macho sina. Kama na vidole navyo vinasema uongo, nitamtibu mtu kwa kitu gani?"

Mama alikuwa akisimulia siku zote kwamba Dada hakulia hata macho yalipozimika. Sasa alilia. Alilia bila sauti, mabega yakiruka, na Mama, asiyejua mambo ya mifupa, akamkumbatia tu.

Kasuku alisikia yote. Angeweza kunyamaza. Ee, nani angejua? Dada asingekwenda, mtihani ungepita, kitabu kingerudishwa, na siri ingezikwa. Lakini Dada angebaki kwenye kitanda kile, mwaka huu na mwaka ujao, akiamini kwamba mikono yake haifai. Nje mluzi ukalia. Kasuku hakugeuka. Akaingia chumbani.

"Dada, vidole vyako ni vizima," akasema, na machozi yakamtangulia. "Mwongo ni mimi."

Dada akajitoa mikononi mwa Mama.

"Umesemaje?"

"Niliruka kurasa. Halafu nikawa natunga."

Dada akainua uso. "Kurasa zipi?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Zingine niliruka, zingine nilisoma nusu, zingine nilitunga. Hata mimi sikumbuki ipi ni ipi."

Hapo ndipo balaa lilipokuwa, jamani. Laiti angejua kurasa zenyewe, wangezirudia. Lakini kweli na uongo vilikuwa vimechanganyika kichwani mwa Dada kama chumvi iliyomwagikia sukari. Nani angevitenganisha? Kazi yote ya majuma sita, bure.

"Toka," Dada akasema.

Mama alimfuata Kasuku uani. Kasuku akajikunja akisubiri kofi.

"Sikupigi," Mama akasema. "Kipigo kinaisha. Hili utalibeba mpaka nione umelitua mwenyewe."

Akachukua simu akampigia Mwalimu. Mwalimu alisikiliza yote mpaka mwisho. Kisha akasema, "Waanze upya, ukurasa wa kwanza. Jumapili nitakuja mimi. Kesho nina wanafunzi wengine, tafuteni msomaji."

Msomaji gani? Kesho Jumamosi Mama alikuwa na wateja tangu kufungua mpaka kufunga. Kasuku akafungua mdomo, Dada akamuwahi kutoka ndani: "Siyo huyo!"

Mama akatazama ukuta, akatazama kitabu. Halafu, wewe! Akapiga paja lake. "Mteja wa rasta anakaa kitini nusu siku mikono imelala mapajani, hana kazi ila kumsengenya mumewe. Kitabu kinakwenda saluni!"

Ndivyo ilivyokuwa. Asubuhi Dada alikaa kwenye kiti katikati ya saluni, kati ya kioo na draya ya kukaushia nywele. Mteja wa kwanza alikuwa mpishi wa hoteli, mwanamke wa sauti kubwa.

"Nisome nini? Mifupa? Mimi mifupa naijua ya supu tu!"

"Basi hii haiungwi," Mama akamwambia huku akimgawa nywele. "Soma, shoga yangu, mwanangu anazama."

Mpishi akasoma. Alipochoka, akapokea muuza mitumba. Akaja bibi harusi mtarajiwa, akasoma akiwa chini ya draya, akipiga kelele kama yuko kiwandani. Wakikwama kwenye neno, wanasema, "Hapa pamenishinda, hebu mwenzangu tazama." Mmoja hata alikwama kwenye kilegesambwa ya orodha ile, akacheka mpaka akashika mbavu! Kasuku, aliyekuwa akifagia nywele, akashangaa. Kumbe mtu mzima anaweza kushindwa na neno, na dunia isianguke.

Dada hakumsemesha. Ila walipofika kwenye kigasha, alihitaji mkono wa kushika.

"Nipe mkono," akasema. Hakutaja jina, lakini mkono uliokuwa karibu ulikuwa wa Kasuku.

Muuza mitumba akasoma: "Kiganja kinapogeuzwa chini, mfupa wa upande wa kidole gumba huzunguka na kupita juu ya mwenzake."

Dada akaugeuza mkono wa Kasuku, polepole, mara moja, mara mbili. Mfupa ukapita juu ya mwenzake. Pale pale alipousikia siku zote.

"Ulikuwa hapa," akanong'ona. "Ulikuwa hapa hapa." Na Kasuku hakuweza kumtazama.

Jumamosi ikaisha. Jumapili Mwalimu alisoma mpaka sauti ikamkauka. Hata hivyo hawakumaliza. Walifika gotini tu. Chini ya goti palibaki giza.

Jumatatu, Mama, Mwalimu na Kasuku walikaa kwenye benchi kwenye ukumbi wa chuo. Vijana wengine walitoka mmoja mmoja, wengine wakitabasamu. Kila tabasamu lilikuwa msumari kwa Kasuku. Mlango ukafunguka, Dada akatoka na fimbo yake, uso umefungwa kama duka siku ya mapumziko.

"Wameniuliza kifundo cha mguu," akasema.

"Mungu wangu!" Mama akashika kichwa. Kasuku akakumbuka walipoishia. Kurasa zile zile ambazo hawakuzifikia! Angesoma vizuri tangu mwanzo, wangezisoma hata mara tatu.

"Ukasemaje?" Mwalimu akauliza.

"Nikasema ukweli. Nikawaambia sikufika hapo kwenye kitabu, naomba nishike. Mtahini akavua kiatu." Akasita. "Soksi yake haikufuliwa, lakini hilo sikulitaja."

Mwalimu akaguna kicheko bila kupenda.

"Nikamwambia ninachosikia. Kuna vinundu viwili, cha ndani kiko juu kidogo kuliko cha nje. Mguu unajikunja kwa ndani zaidi kuliko kwa nje, ndiyo maana wengi wakiteguka wanategukia ndani. Wakaandika. Wakaniambia niende. Basi."

Majuma mawili wakasubiri. Hayo majuma, usiombe! Mama alisuka nywele akafumua, kwa kukosea. Kila simu ilipolia, nyumba nzima iliacha kupumua, na kila mara ikawa ni mteja. Dada alikunja nguo alizokuwa ameandaa kwa chuo, akazirudisha kabatini. Kasuku alilala na kuamka na jiwe moja kifuani.

Halafu simu ikalia saluni, mchana, Mama ana mafuta mpaka viwikoni. Akaibana kwa bega. "Ndiyo... ndiyo, mimi ndiye mama yake... Eti?" Kichana kikadondoka. "Rudia tena, tafadhali, masikio yangu siyaamini!"

Amepata! Dada amepata! Mama alipiga vigelegele, mteja akapiga vigelegele na nusu ya kichwa haijasukwa, Mbio aliyekuwa akipita akaingia akiruka ruka hata bila kujua kuna nini. Chuoni walisema wamempokea kwa sababu alikiri asichokijua na akavitumia vidole vyake.

Kelele zilipotulia, Kasuku alimsogelea dada yake.

"Dada, umenisamehe?"

Dada alifikiri kidogo. "Msamaha umekuja kwa gari, umeshafika. Imani ndiyo inakuja kwa miguu. Iko njiani, mdogo wangu. Isubiri."

Mama akafuta mikono. "Msikilize, mwanangu, na unisikilize na mimi. Mtu akikwambia nisomee, amekukabidhi macho yake. Ukimdanganya hujaruka ukurasa, umempofusha mara ya pili. Na wala hakuna aibu katika kusema neno limenishinda. Aibu ni kulificha, mwenzako akaja kulilipia. Siku ile ulipoingia chumbani ukasema ukweli, ulichelewa, lakini uliniokolea mtoto. Mzigo umeanza kuutua. Malizia."

Simu ikalia tena, mara hii ni ujumbe kutoka chuoni wenye maelekezo ya kuripoti. Mama alikuwa amesharudi kwenye mafuta. Simu ikabaki mezani, kati ya Dada na Kasuku.

"Soma," Dada akasema hatimaye.

Kasuku akaichukua kwa mikono miwili. Akasoma siku ya kufika. Akasoma namba ya chumba. Hakukimbia. "Kila mwanafunzi atapewa koti jeupe na..." Akasimama. "Dada, hapa pana neno silijui."

"Litaje herufi moja moja."

"G, o, n, i, o, m, e, t, a."

"Goniometa," Dada akasema, akilionja. "Mama, ni nini hiyo?"

"Naijulia wapi?"

Mteja naye akatikisa kichwa. Hakuna aliyelijua saluni nzima, na Dada akaanza kucheka, cheko refu ambalo halikusikika tangu Ijumaa ile.

"Vizuri," akasema. "Ndilo ninalokwenda kujifunza. Endelea kusoma."