Gagulo la Kandida

Kila Jumamosi asubuhi Kandida alikuwa na kazi tatu: kuteka maji, kufagia uwanja, na kumsugua mdogo wake Fabiani kwa majani ya mpapai. Sabuni haikuwapo. Mwaka ule wa 1984, mtu akionekana Babati na kipande cha sabuni, watu walimsalimia mara mbili. Majani ya mpapai yalitoa povu kidogo, na Fabiani alilia kana kwamba anachunwa ngozi.

Kazi zikiisha, Kandida alikimbilia kwenye banda la Sista Ursula. Lilikuwa banda la miti na mabati yenye matundu, upande wa Bagara walikoishi vibarua na wachuuzi wadogo. Sista Ursula, mtawa aliyezaliwa Mbulu, alikuja kwa baiskeli na ndoo ya uji imefungwa nyuma. Aliwafundisha watoto kusoma, kuimba na kusali, na hakuwa mtu wa kubembeleza. Mwenye kucha ndefu alipewa uji wa mwisho.

"Tumsifu Yesu Kristo," alisema Sista siku hiyo.

"Milele, amina," waliitikia watoto.

"Jumapili ya wiki ijayo watoto kumi na watano mtapokea Komunyo ya kwanza. Mnajua kwamba siku hiyo watu huvaa nyeupe. Na mnajua kwamba madukani hakuna kitambaa."

Watoto waliinamisha vichwa. Sista alifungua furushi. Ndani mlikuwa na magunia ya kitambaa cha pamba, meupe, yenye maandishi makubwa ya bluu: UNGA WA NGANO, KILO 50.

"Nimeyaomba jikoni misheni. Yako kumi na matano, kila mtu moja. Yachemsheni kwa maji ya majivu, yaanikeni juani, maandishi yatatoka. Kandida, wewe ndiye kiongozi. Gawa."

Sista akaondoka kwenda kumwona mgonjwa, na Kandida akagawa. Wote walipopata, yalibaki magunia mawili: lake na la Gidabuday.

Gidabuday alikuwa mtoto wa kiume wa wafugaji kutoka nyanda za Hanang. Aliishi kwa mjomba wake huko Mutuka na kubatizwa Krismasi iliyopita. Siku hiyo alikuwa amepeleka ndama kunywa maji, na alikuwa hajafika.

Kandida alilitazama lile gunia la pili. Akamkumbuka Paskalina, binti wa mwenye duka, aliyepokea Komunyo mwaka uliotangulia. Paskalina alivaa gauni lenye gagulo ndani yake, likafura kama mwavuli, na kanisa zima likageuka kulitazama. Kandida alilitamani gauni lile kwa mwaka mzima. Gunia moja lingetoa gauni. Gunia la pili lingetoa gagulo.

Halafu akapiga hesabu iliyompendeza sana. Sista alikuwa amewafundisha kwamba kitubio huondoa dhambi zote, na Padre Romanus angekuja Jumamosi ijayo kuwaungamisha. Basi dhambi angeifanya leo, angeitubu Jumamosi hiyo, na Jumapili angekuwa safi, amevaa gauni lililofura. Hakuona kasoro yoyote.

Gidabuday alifika anahema, miguu imejaa tope.

"Yamekwisha," Kandida alimwambia.

"Yamekwisha kabisa?"

"Kabisa."

Gidabuday hakubisha. Kiongozi alikuwa amesema. "Basi," alisema, akaenda kunywa uji wake.

Nyumbani, Mama Kandida alishangaa. "Mbona mawili?"

"Sista ameniongezea, kwa sababu mimi ni kiongozi."

Mama alifurahi akashika sindano. Gunia la kwanza lilichemshwa likang'aa. La pili lilikuwa na maandishi sugu. Walilichemsha mara tatu, na UNGA WA NGANO ukabaki pale pale. "Si kitu," alisema mama, "gagulo halionekani."

Siku ya Ijumaa Gidabuday alikuja na kopo mkononi.

"Nimesikia maandishi yako hayatoki," alisema. "Haya ni majivu ya mti wa mgunga. Kwetu ndiyo makali kuliko yote. Chukua, mimi sina gunia la kuosha."

Kandida alipokea kopo. Lilikuwa zito kwake kuliko ndoo ya maji. "Sasa wewe utafanyaje?"

"Nitapokea mwakani. Shida ni bibi yangu. Ameshaondoka Hanang, anakuja kwa miguu kuniona. Nitamwambia arudi tena mwakani." Akakung'uta majivu viganjani. "Ila amezeeka."

Usiku ule Kandida hakula vizuri. Alijifariji kwamba kesho ni kitubio.

Asubuhi Sista Ursula aliwakalisha watoto bandani. "Niambieni," alisema, "mtu ameiba mbuzi wa jirani. Anakwenda kuungama, na kamba ya yule mbuzi ameishika mkononi. Mbuzi anamlilia hapo nyuma, mee, mee. Padre atamwambia nini?"

Watoto walicheka mpaka mabati yakalia. Gidabuday, mtu wa mifugo, alicheka kuliko wote. "Arudishe mbuzi kwanza!"

"Naam. Arudishe kwanza."

Kandida peke yake hakucheka. Hesabu yake nzuri ilikuwa imevunjika mbele ya macho yake, na aliona aibu mpaka masikio yakawa moto. Wenzake walipotoka kunywa uji, yeye alibaki.

"Sista," alisema, "mbuzi ninaye mimi."

Akaeleza yote, gunia, gagulo na uongo aliomwambia mama. Machozi yalimtoka. Sista alimsikiliza bila kumkatiza.

"Umekosa, tena umekosa kwa kutumia kazi niliyokukabidhi," alisema Sista. "Kulia utalia baadaye. Sasa hivi nenda ukamwambie Gidabuday, halafu tukatafute wembe wa kufumulia."

Kumwambia Gidabuday kulikuwa kugumu zaidi. Alimsikiliza huku ameshika kikombe cha uji, akiangalia chini.

"Hata majivu yangu uliyapokea," alisema.

"Nilipokea. Nisamehe."

Alikunywa uji wake mpaka ukaisha. "Basi," alisema mwishowe, "mbuzi amerudi."

Mama Kandida alipoelezwa, hakupiga kelele. "Mimi niliwaringia majirani kwamba Sista amekuongezea," alisema tu, na Kandida akaona heri angechapwa. Kisha mama akachukua wembe akafumua gagulo. Sista alikata, mama akashona, Kandida akatunga uzi kwenye sindano mchana kutwa, akitoka mara moja tu kwenda kuungama. Majivu ya mgunga yalihitaji siku mbili, na siku mbili hazikuwapo.

"Sista, mimi nivae hili lenye maandishi," alisema Kandida. "Gidabuday apewe langu jeupe."

"Gidabuday akivaa gauni, bibi yake atarudi Hanang siku hiyo hiyo," alijibu Sista, na kwa mara ya kwanza siku ile wote watatu wakacheka. Jua lilipozama, shati lilikuwa tayari.

Jumapili kanisa lilijaa. Watoto kumi na watano waliingia wakiimba, wote wamevaa nyeupe. Gauni la Kandida halikufura hata kidogo, lililala miguuni kama shuka kwenye kamba. Lakini alijisikia mwepesi, na aliimba kwa sauti kubwa kuliko siku zote. Gidabuday alipopiga magoti mbele, kanisa zima likasoma mgongoni mwake: UNGA WA NGANO, KILO 50. Vicheko vidogo vikapita kwenye mabenchi. Yeye hakugeuka.

Nje, bibi mmoja mrefu mwenye bangili za shaba alimshika Kandida bega.

"Shikamoo bibi," alisema Kandida.

"Marahaba, mjukuu wangu. Wewe nasikia unajua kusoma. Huyu kijana wangu, mgongoni wameandika nini?"

Gidabuday alimtazama Kandida. Kusema "wameandika jina lake" kungekuwa rahisi, na bibi angefurahi. Kandida alimgeukia bibi.

"Wameandika unga wa ngano, bibi. Lilikuwa gunia la unga. Mimi nilimnyima, ndiyo maana hakupata siku za kulisafisha. Nisamehe."

Bibi alimtazama, akalitazama shati, kisha akacheka mpaka bangili zikalia.

"Basi mwaka huu wa njaa wengine wamevaa nguo, mjukuu wangu amevaa chakula. Nitakwenda kuwaambia Hanang nzima." Akamgusa Kandida kichwani. "Nawe hukunidanganya. Ng'ombe aliyepotea akirudi mwenyewe zizini, hapigwi fimbo."

Sista Ursula alikuwa amesimama nyuma yao. "Umesikia, kiongozi?" alisema. "Kosa halifutwi kwa kulificha ndani ya gauni, wala kwa kulisema tu. Hufutwa kwa kurudisha cha mwenzako na kusema kweli hata pale uongo ungekuletea sifa. Jumamosi ijayo utagawa uji. Na wewe utakunywa wa mwisho."

"Ndiyo, Sista."

"Na kucha zako nitaziangalia."

Bandani makande yalikuwa yameiva. Gidabuday alimvuta Kandida mkono, wakakimbia pamoja, naye bibi akawafuata nyuma, akiwaeleza watu asiowajua kwamba yule aliyevaa kilo hamsini ni wake.